Mashahidi Wawili wa Mwanga Mmoja

Mkunya, baada ya Alasiri

Mwanangu Jafari,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe nawe humo chumbani unamofunga sanduku lako, na iwe nami hapa barazani. Ukuta wa udongo tu ndio uliotutenga, na bado nakuandikia kama mtu aliye ng'ambo. Utacheka. Cheka tu. Kuna maneno ambayo mdomo wangu haujayazoea, na kesho stendi ya Newala kutakuwa na wapiga debe, wauza karanga na wajomba zako wote. Si mahali pa kuyasemea.

Habari za sweta, za chanjo, za kutomwachia mtu mzigo wako, mama yako amekwisha kukuambia mpaka umemkimbia. Habari za swala sikuambii. Kama sikukufundisha miaka yote hii, karatasi haitakufundisha. Mimi nataka kukueleza habari yangu na baba yako mdogo Issa, na habari niliyoikuta jana Masasi. Ndiyo, jana nilikuwa Masasi. Niliwaambieni nakwenda Makote kutazama mikorosho ya rafiki yangu. Sikwenda Makote.

Lakini acha nianze na nyota zako, maana ndizo zilizonipeleka.

Wiki ile uliyorudi kutoka chuo tulikaa ukumbini tunabangua korosho za kula wenyewe, nikakuuliza tena: huko Afrika Kusini unakwenda kusoma nini hasa? Nilikuwa nimeulizwa msikitini, nikajibu "sayansi ya angani," mzee mmoja akataka kujua kama utakuwa rubani. Nikakohoa, maana hata mimi sikujua. Basi ukachukua kipande cha mkaa ukaanza kuchora nyuma ya mlango, mama yako akapiga kelele, "Jamani, mlango wangu!"

Ukasema ziko nyota kubwa, za mbali kupita akili, ambazo zikifika mwisho wake hulipuka. Mlipuko wenyewe hutoa miale ya gamma, jicho haliioni, huonwa na setilaiti, tena ni kufumba na kufumbua, umekwisha. Kinachobaki ni mng'ao unaofifia. Na ndani ya mng'ao huo mna mianga ya namna nyingi: upo huu wa kawaida, wa macho, unaotazamwa kwa darubini, na upo wa eksirei.

"Eksirei hii ya hospitali?" mama yako akauliza.

"Hiyohiyo, mama."

"Basi nyota nazo zina kifua kikuu."

Tulicheka mpaka ungo wa korosho ukapinduka. Ulipomaliza kuziokota ukaendelea. Ulichora mistari miwili inayoteremka kama watu wawili wanaoshuka mlima pamoja, mmoja wa eksirei, mmoja wa mwanga wa macho. Kazi yangu, ulisema, ni kuilinganisha hii miwili. Kwa kuwa imetoka kwenye moto mmoja, ukimpima mmoja unaweza kukisia mwenzake awe na nguvu kiasi gani saa ileile. Lakini mara nyingine eksirei ipo, imesimama vizuri kabisa, na darubini ikigeuzwa mahali palepale haioni kitu. Giza.

Nikasema, "Basi shahidi mmoja mwongo."

Ukaniangalia. Ukasema polepole, kama mtu anayeogopa kumwagia mwenzake maji ya moto, "Hapana, baba. Hakuna mwongo hapo. Wote wawili wanasema kweli. Ile tofauti yao ndiyo inayotuambia kuna kitu katikati."

"Kitu gani?"

"Mara nyingi ni vumbi. Nyota imelipukia ndani ya vumbi zito. Vumbi linaumeza mwanga wa macho. Eksirei inapenya."

Niliinama nikaendelea kubangua. Mlidhani nimechoka, mama yako akakuambia, "Mwache baba yako, hesabu zimemshinda." Hazikunishinda. Ulikuwa umenirudisha kwenye mwezi ule wa mawinguni, na hukujua. Au labda ulijua. Siku hizi sina uhakika unajua nini na hujui nini.

Ulikuwa kidato cha sita, likizo. Tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, tumekwenda ukingoni mwa uwanda wa juu wa Newala, pale bonde la Ruvuma linapofunguka chini, kutazama mwezi kama kila mwaka. Nilikuwa muadhini, na watu walikuwa wakisema, "Kama Baba Jafari hajauona, haujaandama." Niliupenda msemo ule. Niliupenda mno. Ilikuwa masika, mawingu yamekaa magharibi kama magunia yaliyopangwa. Tulisimama mpaka Magharibi ikaingia, hatukuona kitu. Nikawaambia watu: tunakamilisha thelathini. Ndivyo tulivyofundishwa, mawingu yakiziba mnakamilisha thelathini. Sikubuni mimi.

Tumefika nyumbani tunafuturu, Issa huyo na pikipiki yake mpya. Hakuzima hata mashine.

"Kaka! Umeandama! Wametangaza!"

"Nani kauona?"

"Wameuona huko ng'ambo. Nimeona mwenyewe kwenye dishi."

"Dishi lina macho?"

Watu walikuwa wamejaa uani, si unajua futari ya siku ya mwisho. Issa akacheka. Akasema, "Kaka bwana, unautafuta mwezi mawinguni kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Mwezi uko juu ya bati langu!" Wakaangua kicheko, na wewe ulicheka, nilikuona. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa na hasira na bati lile.

Kesho yake nusu ya watu wakala Idi, nusu tukafunga. Na asubuhi Issa akaja na sinia la pilau, amelifunika kwa kawa jipya, amemletea bibi yako. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Nyumba hii imefunga." Bibi yako akaita kutoka ndani, "Nani huyo? Issa? Mwacheni aingie." Mimi nikalisukuma lile sinia kifuani kwake, mbele ya majirani. Nikalirudisha. Unajua kwetu kurudisha chakula cha mtu maana yake nini. Hakunitukana. Alisema tu, "Haya. Umenirudishia chakula cha mama." Akapanda pikipiki, sinia amelikumbatia kwa mkono mmoja, mkono mwingine usukani, anayumba njia nzima. Mwaka uleule akahamia Masasi. Bibi yako alipofariki tulishika jeneza, yeye huku mimi huku, hatukuamkiana.

Haya yote unayajua, ulikuwepo. Nayarudia kwa sababu kuna kitu ambacho sisi sote tuliokuwepo tulikijua na hakuna aliyekisema: bibi yako hakuwa amefunga. Alikuwa mzee, mgonjwa, dini imemsamehe, na uji wake wa asubuhi wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea. Pilau lile lingeweza kuingia kwa mlango uleule wa sheria niliyokuwa nimeishika mkononi kama fimbo. Kuhusu mwezi nilikuwa sahihi, na mpaka leo nasema nilikuwa sahihi. Ukiniamsha usingizini nitakuambia tunakamilisha thelathini. Lakini kuhusu sinia mwezi haukuhusika.

Sasa ndiyo nikawa naliwaza lile neno lako. Mashahidi wawili, moto mmoja, na tofauti yao. Nikajiuliza, kati yangu na Issa kulikuwa na vumbi gani, hata chakula cha mama yetu kisipenye?

Vumbi nalijua. Lilikuwa la malori.

Wewe ulikuwa mdogo kiwanda cha korosho kilipofungwa. Nilifanya kazi pale tangu sijamuoa mama yako. Mafuta ya ganda yalinila vidole mpaka alama za ngozi zikafutika, na nilijivuna nazo. Kijana wa kiwandani ulikuwa ukimtambua kwa mikono. Halafu soko likafunguliwa, tukaambiwa kila mtu auze atakako, wakaja wanunuzi binafsi. Mashine zikanyamaza. Korosho zikawa zinapita mbele ya geti letu zikiwa na maganda yake, kwenda bandarini, kwenda kubanguliwa India na watu tusiowajua. Na aliyekuwa akiwaongoza wanunuzi vijijini, anayewaonyesha njia za Makote na za huku kwetu, amekaa mbele kwenye lori, kiwiko nje ya dirisha, alikuwa Issa. Alinipungia mkono. Sisi tumesimama getini tunasubiri kuambiwa kama tutalipwa kiinua mgongo, na mdogo wangu ananipungia mkono.

Hakufanya kosa. Wakulima walimpenda, na baadhi yao alikuwa mwema kwao kuliko ushirika wetu ulivyowahi kuwa. Hata hilo nalijua. Lakini vumbi la lori lile lilinikaa kifuani miaka, na siku aliposimama uani kwangu akasema mwezi uko juu ya bati lake, mimi sikusikia habari ya mwezi. Nilisikia lori. Nikaita ile hasira yangu dini. Hili ndilo linaloniuma zaidi, mwanangu: Mola aliniwekea jambo la haki mkononi nami nikalitumia kumpigia ndugu yangu, na kwa kuwa lilikuwa la haki hakuna aliyenikataza. Mtu akikosea, watu humshika mkono. Aliye sahihi huachwa aende.

Basi ulipokuja kuniambia mwezi uliopita kwamba Issa ndiye atakayekupeleka mpaka Dar, na kwamba anataka akufanyie kisomo cha dua kwake Masasi, na kama nitakwenda, nilikujibu, "Nyumba ile sitakanyaga." Hukubishana. Ulisema, "Sawa, baba," ukachukua ndoo ukaenda kupanga foleni ya maji. Nilikutazama mgongo mpaka ukapotea. Na kutoka hapo neno lako la vumbi halikuniacha. Nikiadhini lipo, nikipalilia lipo. Mpaka jana alfajiri nikavaa kanzu, nikadandia gari la kwenda Masasi.

Njiani nilipanga maneno. Nilitaka kumwambia: Issa, nimekuja kwa ajili ya dua ya kijana wetu, niwekee mahali mkekani. Habari ya sinia ningeiacha kwanza, ije yenyewe.

Nyumba yake ina geti. Mkewe alinifungulia, akapiga goti, "Shikamoo, shemeji," nikaitika, akanikalisha kwenye kochi lenye vitambaa. Issa akatoka chumbani. Amenenepa, ana mvi sasa. Nilisimama. Akanipa mkono, akasema, "Karibu, mzee. Karibu sana."

Mzee. Toka alipoanza kusema huyu mtoto hakuwahi kuniita kitu kingine ila kaka. Hata jioni ile ya mwezi, akinicheka mbele ya watu, aliniita kaka. Jana nikawa mzee.

Akaniletea soda na biskuti kwenye sahani. Tukazungumza habari za korosho, za ubwiriunga ulivyoshambulia mikorosho mwaka huu, za salfa ya kuupulizia ilivyo adimu. Runinga imewashwa, watu wanaimba, hakuizima, wala mimi sikumwomba aizime. Nilipoona soda inakwisha nikasema.

"Nimekuja kwa ajili ya dua ya Jafari. Nataka kukuambia nitakuwepo."

Akanitazama, akamtazama mkewe. Nikaona uso wake unatafuta pa kukaa.

"Dua? Kwani hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Tumesoma Jumapili, mzee. Mwenyewe alikuwepo. Watu walikuja wengi, alhamdulillahi, mashehe watatu." Halafu kwa upole, kwa upole kabisa, Jafari, ingekuwa heri angenitukana: "Tulijua hutakuja."

Jumapili ulisema unakwenda Masasi kufuata tiketi. Na tiketi ulirudi nayo, ukanionyesha. Hukusema uongo. Lakini uliketi katikati ya mkeka, ukaombewa safari na watu wa Masasi, baba mzazi hayupo, na mtu akiuliza yuko wapi, sijui mlimjibu nini. Ukarudi, ukala na mimi, ukanimiminia maji ya kunawa. Sikuona chochote usoni kwako. Mimi ndiye mtazamaji wa mwezi, na sikuona.

Nilimaliza soda kwa sababu kuiacha ingekuwa kurudisha tena. Nikaaga. Mgeni kwetu husindikizwa, hata adui, mpaka njiani, mpaka mseme mara mbili tatu "basi rudi" na "ngoja kidogo." Issa aliishia getini. Akamwita kijana wa dukani, "Msindikize mzee mpaka stendi." Nikatembea na mtoto wa watu ambaye hakujua mimi ni nani, akanieleza njia nzima habari za mpira.

Garini nilifanya ile kazi yako, wallahi. Nililinganisha. Nilikuwa na Issa wa nje, mwenye soda na upole, na nikajaribu kumpima yule wa ndani. Nikakumbuka ulivyosema nyuma ya mlango ule, kwamba si kila giza ni vumbi. Mara nyingine moto wenyewe uko mbali mno, mwanga unaishia njiani. Na mara nyingine, ulisema, hakuna vumbi wala umbali, ni watazamaji wamechelewa. Setilaiti iliwaita, wao darubini wakaigeuza baadaye, mng'ao umekwisha shuka. Nilikuuliza, "Sasa ukichelewa, utajuaje ni lipi?" Ukasema, "Hujui, baba. Unaandika tu kwamba hukuona."

Sasa na mimi naandika kwamba sikuona. Labda Issa alikuwa amenisamehe zamani, akanisubiri mwaka wa kwanza, wa pili, akichungulia geti, na upendo ule ukafifia wenyewe bila mtu kuuzima. Labda haukuwepo hata siku moja tangu nilipomsukumia lile sinia. Ningekwenda juma lile lile ningejua. Ningetukanwa, labda ningepigwa, lakini ningejua. Nilikwenda jana.

Jafari, naona taa imewashwa chumbani kwako, na muda si mrefu nitakwenda kuadhini. Mimi si mtu wa kukupa mafundisho kuhusu kazi usiyonihitaji ndani yake. Jambo moja tu, na hili nimelinunua kwa bei yangu mwenyewe: huko uendako watu watapishana nawe, wenye elimu kukuzidi, na mara nyingine utakuwa sahihi. Hapo ndipo ujihofie. Ukiona umeshinda na bado moyo una haraka ya kumsukuma mtu mlangoni, simama, utazame kati yenu kuna nini. Na ukiona, nenda mapema. Nenda siku hiyohiyo, hata kama huna la kusema.

Na lililobaki ni letu, mimi na wewe.

Nimekasirika. Sitaki niseme sikukasirika, kisha uisikie hasira yenyewe kwenye salamu zangu. Nimelala macho jana nikijiambia, mtoto huyu kaniibia nafasi yangu kwenye mkeka. Alfajiri nikaona kwamba nafasi ile niliitupa mwenyewe, wewe uliiokota ukaificha ili nisione aibu. Ulinilinda kama anavyolindwa mtu mgonjwa. Sijui lini nimekuwa baba wa kulindwa dhidi ya ukweli. Hilo linaniuma kuliko kuitwa mzee.

Kesho nitakusindikiza mpaka stendi, na utanikuta nimechangamka. Mbele ya wajomba zako sitakudai radhi wala maelezo. Masasi sitafika, safari ile nimekwisha kwenda, na Issa asije akadhani namfuata kwa ajili ya dua ya pili. Yeye atakupandisha basi huko mwende Dar, na ni haki yake, kwa kuwa alikuwepo pale mimi nilipokosekana. Mheshimu. Usimuulize aliniona vipi, wala usiniletee jibu.

Barua hii naiweka katikati ya nguo zako. Uifungue ukiwa umefika, si kabla, maana ukiisoma leo utatoka nje na macho mekundu na mama yako atataka kujua, nami sina nguvu ya kumweleza mtu wa pili.

Mwenyezi Mungu akufungulie kila mlango wa kheri, akupe macho na akupe na hivyo vyombo vinavyoona yasiyoonekana. Na siku nyingine, mwanangu, ukiwa na jambo unalojua kabisa kwamba nitalikataa, niambie. Niache nilikatae mwenyewe.

Ni mimi baba yako.